Karatasi, udongo na khanga: namna ya kuketi na mtu aliyeshindwa kusema

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu mnaoanza kazi ya ushauri nasaha, pamoja na wauguzi, walimu wa malezi, wachungaji, masheikh na kina mama viongozi wa vikundi, ambao watu huwafuata wakiwa na mzigo moyoni. Mimi nafanya kazi hii Mwanza, na ninaowapokea ni watu wa hapa: wachuuzi wa Kirumba, wavuvi kutoka visiwani, wanafunzi wa vyuo, madereva wa bodaboda, wake wa wachimbaji wa Geita, wastaafu. Njia ninayoifuata ni ya kiutu: inamwamini mtu kwanza, kisha inaipa mikono yake kazi pale mdomo unapokwama. Mifano nitakayotoa nimeichanganya na kuibadilisha ili asitambulike yeyote. Nawe fanya hivyo kila unaposimulia kazi yako, hata kwa mwenzi wako.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote. Picha anayochora mteja, au kitu anachofinyanga, si fumbo uliloletewa ulitegue. Maana yake anayo yeye. Ukilishika hilo, hata vifaa vikikosekana utamsaidia mtu. Ukilikosa, hata ukiwa na rangi za kila aina utamuumiza.

Kumpokea

Aliyeuwekea mtazamo huu msingi ni mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers (1902–1987). Mwaka 1957 aliandika makala akitaja masharti ambayo, kwa maoni yake, yakitimia mtu hubadilika. Matatu kati ya hayo ndiyo tunayofundishwa zaidi, kwa sababu yanamgusa mshauri mwenyewe: awe mkweli, ndani na nje yake pawe pamoja, ampokee mteja bila masharti, na aione dunia kwa macho ya mteja kiasi kwamba mteja mwenyewe ahisi ameeleweka. Rogers alikulia shambani, naye alisimulia habari ya viazi vilivyohifadhiwa chini ya nyumba yao wakati wa baridi. Humo gizani viazi vile vilitoa machipukizi meupe, dhaifu, yakajivuta kuelekea kidirisha cha mbali kilichopitisha mwanga. Akasema binadamu naye hata katika hali mbaya kabisa huwa anajivuta hivyo. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba ni kweli. Mama ambaye hajawasha jiko kwa siku kadhaa, watoto wanakula kwa jirani, lakini leo ameoga, amejifunga khanga vizuri na kupanda daladala kuja kukuona, huyo ameshaanza safari kabla hujafungua mdomo.

Kwetu sharti la pili, la kumpokea mtu bila masharti, ndilo gumu. Tumelelewa na maneno kama «vumilia», «jikaze», «mwanaume halii», «mshukuru Mungu, wapo waliokuzidi shida». Maneno haya hutoka kwa upendo, na msibani yana kazi yake. Kwenye kiti cha ushauri yanamwambia mtu kwamba maumivu yake yamepita kipimo, basi anayarudisha ndani na kukushukuru kwa adabu, na hutamwona tena. Yakikujia ulimini, yameze. Badala yake mrudishie ulichosikia, kwa sauti ya kuuliza: «Nikikusikia vizuri, hasira ni kwa mumeo, ila kuna na huzuni kwamba hakuna aliyekutetea?» Akikusahihisha, «Hapana, si huzuni, ni aibu», hiyo ni hatua kubwa. Ameanza kujisikiliza mwenyewe.

Ukweli wa mshauri nao una upande wake wa kila siku. Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Kama mteja amekuuliza iwapo umeokoka, au una watoto wangapi, jibu kwa ufupi na kwa kweli, au sema kwa upole kwamba hilo ungependa kulibakiza kwako. Watu wetu wanatambua haraka sana mtu anayejifanya.

Salamu, jina na lugha

Mteja akikuzidi umri, mwamkie. Nimeona vijana waliotoka chuo wakidhani kwamba kwa kuwa wao ndio wataalamu, mzee aje na «habari za leo» zao. Mzee wa Kisukuma aliyekuja kuzungumza jambo la aibu mbele ya kijana, akikosa shikamoo, ameshafunga mlango. Shikamoo haikushushi cheo. Inamwambia kwamba humu ndani bado ni mzee, hata kama ameshindwa kulala miezi miwili au amelia mbele yako. Na kama unajua kusema «Mwangaluka» asubuhi, sema.

Kisha muulize: «Ungependa nikuiteje?» Usiruke swali hili, hasa kwa akina mama. Mwanamke wetu huitwa kwa jina la mtoto wake, na wapo wanaokuja kwako kwa sababu mtoto huyo amefariki. Kuna anayetaka uendelee kumwita Mama wa yule mtoto, kwa kuwa mtaani wameacha na inamuuma. Kuna ambaye kila akiitwa hivyo anachomwa upya. Huwezi kubahatisha. Uliza, uandike, ukumbuke mkikutana tena.

Upande wa lugha, Kiswahili ndicho tunachokutania, lakini wengi hapa walilelewa na kubembelezwa kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikara au Kihaya. Mtu akikwama, mwambie: «Liseme kwa lugha ya nyumbani.» Atasema sentensi moja, mara nyingi machozi yatafuata, na wewe huenda hukuelewa hata neno. Hakuna haja ya kukimbilia tafsiri. Subiri, halafu muulize kama angependa kukueleza. Nakusihi ulijaribu hili. Halihitaji kifaa chochote.

Mahali

Chumba kikubwa si lazima. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya nje, na kazi ile imeenea. Njia yao si hii ninayoieleza, ila imethibitisha kwamba benchi linatosha. Kwa kuchora na kufinyanga unahitaji kivuli, mkeka au meza, na mahali ambapo mtu hatazamwi. Mwanza ina faida ya mawe yake. Nyuma ya jabali kubwa, mchana, mnaweza kupata utulivu kuliko ndani ya ofisi yenye ukuta wa mbao na redio ya jirani.

Meza isikae kati yenu. Keti pembeni kidogo, mkitazama upande mmoja, ili mtu aweze kukuangalia akitaka na kuangalia kazi ya mikono yake akitaka. Wanaume wengi huzungumza vizuri zaidi wakiwa hawatazamani na mtu uso kwa uso. Angalia pia njia ya kuingilia: kama anayetoka kwako lazima apite mbele ya duka ambalo mtaa mzima hukaa, watu hawatakuja.

Vifaa

Wanaoanza huhangaika bure na vifaa. Karatasi za manila, rangi za nta za watoto wa shule, mkaa wa jikoni, gundi, mkasi. Mifuko ya saruji, ukiichana na kuikung'uta vizuri kwa mbali na pua, ina karatasi ngumu ambayo mtu haogopi kuiharibu, na hilo ni muhimu: karatasi nyeupe safi inawatisha wengi, inawakumbusha mtihani. Omba mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani. Tafuta vipande vya nyavu kuukuu, kamba, vizibo vya soda, shanga, mbegu.

Udongo wa mfinyanzi nunua kwa wanaofinyanga vyungu. Wao wanajua ulipo mzuri. Uhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko, ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kibichi. Usiwapeleke wateja kuuchimba wakiwa wamesimama kwenye maji ya ufukweni. Maji yale ya kina kifupi, yenye majani na konokono, ndiyo yenye vimelea vya kichocho, na havihitaji zaidi ya dakika chache kupenya ngozi. Mawe na makombe yaokote sehemu kavu, uyaoshe kwa maji ya bomba na kuyaanika juani.

Sanaa kama tiba ina historia yake. Msanii wa Uingereza Adrian Hill, ambaye alijionea nguvu ya kuchora alipokuwa amelazwa kwa kifua kikuu, ndiye aliyeipa jina la tiba ya sanaa mwaka 1942. Na binti yake Rogers, Natalie Rogers (1928–2015), ndiye aliyeuchukua mtazamo wa baba yake na kuuunganisha na kuchora, kufinyanga, kucheza, sauti na kuandika. Aliona kwamba moja huita jingine: mtu akitikisa mwili, mkono unachora kwa uhuru, akishachora, maneno yanakuja. Mpangilio huo ninaufuata mpaka leo, kwa njia zetu.

Mwaliko, na kimya kinachofuata

Usimwambie mtu «chora huzuni yako». Ni amri, tena ngumu. Weka vifaa mahali anapoviona na useme kitu kama: «Haya mambo umeyabeba muda mrefu. Kama yangekuwa na umbo, au rangi, au uzito, yangekuwaje? Ukipenda, tumia chochote hapa. Usipopenda, tutaendelea kuzungumza.» Hiyo ya mwisho lazima iwe ya kweli. Mwaliko usioweza kukataliwa ni shuruti.

Jibu la kwanza karibu daima ni «Mimi sijui kuchora.» Usimbishie wala kumsifu mapema. Mwambie hapa hakuna alama, mistari na madoa vinatosha, au mpe udongo, kwa kuwa udongo hakuna aliyewahi kuambiwa darasani kwamba hauwezi. Mteja Mwislamu asiyependa kuchora viumbe wenye roho hana tatizo lolote. Kuna rangi, mawe, mapambo, maandishi. Usingoje akueleze kwa wasiwasi. Sema mwenyewe tangu mwanzo kwamba hakuna haja ya kuchora watu.

Akianza, kazi yako ni kukaa. Usishike simu, usiandike, usiseme «vizuri sana». Sifa zinamgeuza mtu kuwa mwanafunzi, naye ataanza kukutafutia picha ya kukupendeza. Tazama pumzi yake, mikono yake, anapofuta, anaposita. Kama dakika 50 ndizo mlizopatana, zikibaki kama kumi na tano mjulishe kwa sauti ya chini, ili asikatwe ghafla.

Akimaliza, uliza: «Niambie kuhusu hii.» Basi. Kisha, kulingana na anachosema: «Wewe uko wapi hapa?» «Kuna kitu kingetakiwa kuwepo na hakipo?» «Ukiangalia sasa, mwili wako unasikiaje?» «Ukitaka kubadilisha kitu kimoja, kingekuwa kipi?» Swali la «kwa nini» liache. Kwa masikio yetu «kwa nini» ni swali la mwalimu mwenye fimbo au la polisi, na mtu atajitetea.

Hapa ndipo lile jambo la kwanza linapopimwa. Kijana mmoja mvuvi wa dagaa aliletwa na dada yake kwa sababu alikuwa anakunywa sana na hasemi na mtu. Alichukua mkaa, akaijaza manila yote weusi, kona hadi kona, akaacha duara moja jeupe juu. Mtu aliyesoma kidogo habari za rangi angeshtuka: weusi ni kifo, lile duara ndilo tumaini. Nikamwambia, niambie kuhusu hii. Akasema ule weusi ni giza. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku usio na mwezi. Taa zao huwavuta dagaa, nyavu zinajaa, kambi inacheka, tajiri mwenye mtumbwi analipa. Ule weusi ulikuwa mahali pekee alipojiona mwanaume. Lile duara jeupe ndilo lilikuwa adui. Mbalamwezi ikiingia dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, anarudi nyumbani bila hela, na nyumbani yupo shemeji anayeulizia mahari iliyobaki. Siku hizo ndizo alizokunywa.

Fikiri kama ningemwonyesha lile duara na kumwambia lishike, ndilo nuru yako. Angeitikia «sawa» na kwenda moja kwa moja kwenye kilabu cha pombe. Kwa kuwa aliachiwa picha yake, mkutano uliofuata aliomba kuchora duara peke yake, kubwa, na akaanza kuweka watu ndani kwa vizibo vya soda: mke, mtoto, shemeji, yeye mwenyewe ukingoni. Akakisogeza kizibo chake, akakirudisha, akakisogeza tena. Mwishowe aliomba kizibo kingine, akakiweka kati yake na shemeji, akasema: «Huyu ni baba mdogo.» Alikuwa amempata mtu wa kumsemea juu ya mahari. Sikumpa ushauri huo, na nisingeweza, maana simjui baba yake mdogo.

Kuna na somo dogo la ratiba humo: kwa mvuvi wa dagaa, miadi ifuate mwezi. Ukimpangia kila Jumanne utasema haji kwa sababu hana nia, kumbe yuko ziwani anatafuta ridhiki.

Khanga, na maandishi ya nyuma ya boti

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Nina sanduku la khanga kuukuu. Nazitandaza mkekani, majina yakionekana: «Sina siri nina jibu», «Japo sipati tamaa sikati», «Mama nipe radhi kuishi na watu kazi», «Sisi sote abiria dereva ni Mungu», na nyinginezo. Namwomba mama achague moja inayosema hali yake ilivyo, na nyingine inayosema kile ambacho angependa wasikie, wale asioweza kuwaambia. Wanawake wetu wamekuwa wakisemeana kwa khanga tangu zamani. Huna cha kuwafundisha, wewe unawapa nafasi tu. Mama mkimya kabisa, anayejibu «nzuri» kwa kila swali, atapekua sanduku lile kwa makini, atakataa moja, atairudia, na utakuwa umeshaona mengi.

Ukifika wakati wake, mpe manila na rangi atengeneze khanga yake mwenyewe: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Pindo nalo lina mazungumzo yake, kwa sababu mtu anapochora mpaka anajikuta anafikiri nani anaruhusiwa kuingia kwake na nani amezoea kuingia bila hodi. Jina aliandike mwisho. Wengine wanahitaji mikutano mitatu kulipata. Usimsaidie kutunga, hata kama umebarikiwa maneno na lake linaonekana limepinda.

Wanaume huwa wanaiacha khanga, lakini kila mmoja amesoma maandishi ya nyuma ya daladala, ya bodaboda na ubavuni mwa boti. Mwulize: «Kama ungekuwa na boti yako, ungeiandika nini? Na mwaka jana ungeandika nini?» Maneno hayo mawili yakikaa pamoja kwenye karatasi, mtu anaona mwenyewe alikotoka.

Wenye msiba wa majini

Ukifanya kazi Mwanza, utakutana nao. MV Bukoba ilizama karibu na hapa tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 wakafariki. Na katikati ya hayo kuna mitumbwi midogo ambayo haitangazwi. Watu wazima wa leo walikuwa watoto waliongoja bandarini mwaka 1996. Wapo ambao mpendwa wao hakupatikana, hivyo hakuna kaburi la kupalilia.

Kwa hawa nenda polepole mno. Usimpeleke mtu ufukweni «akabiliane na maji», na usimwombe achore ajali. Anza na aliyekuwa hai: alipenda kula nini, aliimba nini, alimwita vipi. Kitambaa cha nguo yake, kama kimebaki, kinaweza kushonwa kwenye kitu kipya. Wengine wanamwandikia barua. Barua ikiisha, usiamue mwisho wake. Kuna anayetaka kuitia ziwani, kuna ambaye hataki kabisa ziwa lipate kitu kingine cha kwake. Mwingine ataiweka ndani ya Biblia au Msahafu.

Ile mbinu ya kiti kitupu, ya kumweka marehemu kwenye kiti na kuzungumza naye, ambayo wengi huijua kupitia Fritz Perls, mimi kwa wafiwa wetu siitumii isipokuwa mteja ameitaka mwenyewe. Mtu anayeamini marehemu husikia, au ambaye kanisa lake limemkataza kabisa jambo la namna hiyo, anaweza kutoka kwako na hofu mpya juu ya ile aliyokuja nayo. Barua inafanya kazi ileile kwa utulivu zaidi.

Mwili na sauti

Kwa kifupi: mwalike mtu asimame, atembee kama anavyohisi, apumue. Usukumani ngoma ina heshima kubwa, na ukifika makumbusho ya Bujora, Kisesa, utaona jinsi mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu yanavyoenziwa. Lakini usidhani kila Msukuma atafurahi ukimletea ngoma. Aliyeokoka anaweza kuihusisha na mizimu. Muulize anaimba wapi. Kama ni kwaya, basi kwaya. Mtu anayeimba sauti ya tatu kila Jumapili ana kifua kinachojua kupumua, na wimbo wake mwenyewe utamfikisha mbali kuliko mazoezi ya kukopa.

Pale ambapo karatasi haitoshi

Hapa sitabembeleza. Mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, ambaye hajalala siku nyingi na anazungumza bila kukoma, mama aliyejifungua karibuni na anaogopa kumdhuru mtoto, mlevi wa muda mrefu aliyeacha ghafla na anatetemeka, mtu mwenye degedege: hawa waonwe na daktari. Mwanza tuna hospitali ya Bugando yenye idara ya magonjwa ya akili. Vituo vya afya vya karibu vinaweza kuanzisha rufaa. Mpeleke ukiwa naye ikiwezekana, na umwambie wazi kwamba hujamfukuza, mtaendelea.

Kuhusu kujiua, uliza kwa maneno yenyewe: «Umewahi kufikiria kujiua?» Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, wengi hupumua kwa mara ya kwanza kwa kuwa mtu amethubutu. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kifaa karibu. Kanda yetu ni ya pamba, nyumba nyingi huweka dawa za wadudu ndani. Kubalianeni ni ndugu gani ataitoa leo hii, nani atalala naye, na nani atamfikisha hospitali. Siri ina mipaka: hatari ya uhai wake, hatari kwa mwingine, na mtoto anayedhuriwa. Mwambie mipaka hiyo siku ya kwanza, kabla hajasema lolote. Kwa mambo ya watoto kuna namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto.

Mteja akiwa anakwenda pia kwa mganga au kwenye maombi, usigombane naye. Muulize kwa heshima anapata nini kule. Muulize tu, bila kumhukumu, kama amepewa cha kunywa na kama ameambiwa aache dawa za hospitali, maana hapo pana hatari ya kweli.

Picha ni za nani

Ni za mteja. Usizibandike ukutani, usizipige picha kwa simu, na kamwe zisifike kwenye kundi la WhatsApp la wataalamu, hata bila jina. Mji huu ni mdogo. Mwandiko na hadithi vinatosha kumtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na karatasi yenye maisha ya mtu ni mojawapo. Weka kila kazi kwenye bahasha yenye alama mnayoijua ninyi wawili, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo uwe nao wewe.

Mkikaribia kumaliza safari yenu, tenga mkutano mzima kwa bahasha hiyo. Zitandazeni zote kwa mpangilio wa tarehe, nyamaza, mwache azitazame. Mara nyingi ataona mwenyewe mambo ambayo wewe uliyaona zamani ukayanyamazia, na mengine ambayo hukuwahi kuyaona. Kisha muulize anataka kuzifanyia nini. Kuna wanaozibeba, kuna wanaochagua moja na kukuomba uzichane zilizobaki, kuna wanaoogopa mume au mkwe asizikute. Asiyerudi kabisa, bahasha yake ikae kwa muda mliopatana siku ya kwanza, halafu uichome kwa mkono wako, usimtume mtu.